Waliokwenda Pwani Kila Kiangazi

Habari za kifo cha babaye zilimkuta Fundikira njiani, mzigo ukiwa begani. Alikuwa mpagazi katika msafara uliokuwa ukishuka pwani, mmoja miongoni mwa wengi, akila posho ile ile waliyokula wenzake na kulala katika vibanda vile vile vya nyasi. Akautua mzigo, akajiandaa kurudi Unyanyembe, katika nchi ya Wanyamwezi, kushika utemi. Wenzake hawakumwachia hivi hivi. Kabla hajaondoka walimshambulia kwa maneno: leo bado u mwenzetu, kesho utatutoza, utatuchapa, labda hata utatuua. Aliyekiandika kisa hiki ni Mwingereza Richard Burton, ambaye alifika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakati Fundikira akitawala. Kwa maelezo yake, wenzake walikuwa wakitania na wakati huo huo wakisema kweli.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinapingana na picha tuliyoizoea. Katika michoro ya vitabu vya wapelelezi wa Kizungu, mpagazi ni mgongo tu: mstari mrefu wa watu walioinama, hawana majina, wala hawafungui midomo. Hapa midomo imefunguliwa. Hapa pana kundi la watu wanaojuana kiasi cha kumwambia mtemi wao mtarajiwa, usoni pake, yale ambayo baada ya siku chache hakuna atakayethubutu kuyasema mbele ya kiti chake.

Wanyamwezi hawakungoja kufundishwa njia. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa tayari wanateremka pwani na pembe za ndovu zao. Wafanyabiashara wa Kihindi, akina Musa Mzuri na ndugu yake, walifika Unyanyembe yapata mwaka 1825, na Waarabu walikuja kujenga makao yao ya kudumu Kazeh baadaye. Wageni wote hao walipita mahali ambapo nyayo zilikwisha kupita. Hata Burton, mtu asiyeridhika upesi, ambaye kurasa zake zimejaa manung'uniko juu ya karibu kila aliyekutana naye, anakiri kwamba misafara ya Wanyamwezi wenyewe iliyofika pwani kila mwaka ilikuwa mingi kuliko ile ya wafanyabiashara wageni, na kwamba ndani yake hapakuwa na utoro wala ugomvi wa kila siku. Utoro lilikuwa tatizo la misafara ya wengine.

Kila mwaka, kwa hiyo, na kwa majira yake. Mavuno yakiisha na mito ikipungua, vijiji vilianza kukusanya watu. Mvua zikikaribia, walitakiwa wawe wamerudi mashambani. Aliyechelewa pwani alijikuta akifanya kazi za vibarua huko hadi msimu mwingine. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa hajakomaa, na kuoa kwake kulikuwa na walakini. Watoto walicheza mchezo wa msafara, na wengine wakiwa bado wadogo kabisa walifuatana na wakubwa wakiwa na kipande kidogo cha pembe begani. Wanawake nao walikwenda, jambo ambalo wasimuliaji wengi wa Kizungu walilitaja kwa nusu sentensi tu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, amefanya kazi nzuri ya kuwarudisha njiani.

Msafara wa Wanyamwezi ulikuwa na utaratibu wake, tena wa kupendeza. Wenye mali ndogo ndogo waliungana ili wapate nguvu, wakamchagua mkubwa mmoja aliyeitwa mtongi. Mbele yake alikwenda kirongozi, na huyu ndiye aliyependwa na macho ya watazamaji. Alivaa joho jekundu lililochakaa kwa miiba, ngozi ya mbega mgongoni, manyoya ya ndege kichwani. Mara nyingi alikuwa mtu wa makamo au mzee aliyeijua njia kwa miguu yake: kisima kipi hukauka mwezi gani, jumbe yupi ana hasira, wapi pa kulala na wapi pa kupita bila kutazama nyuma. Baada yake walifuata wenye pembe, watu wenye nguvu kuliko wote, na kwenye ncha ya pembe kubwa walifunga njuga ya ng'ombe ili msafara usikike kabla haujaonekana. Nyuma yao wenye mizigo ya kawaida, kisha wagonjwa, wanawake na watoto.

Kirongozi hakupitwa. Aliyejisahau akamtangulia alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake, na jioni kambini mshale huo ulikuwa ushahidi: hakuupata mpaka ametoa faini.   

Kiini cha msafara kilikuwa kambi. Neno hilo halikutaja tu mahali pa kulala bali pia lile kundi dogo la watu waliokula chungu kimoja. Watu wa kambi moja aghalabu walitoka jirani au walikuwa na udugu. Mmoja alichota maji, mwingine alikata kuni, mwingine alitafuta nyasi za kuezekea, mwingine alipika. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Mwaka uliofuata kambi hiyo ilijikusanya tena, ikiwa imepungukiwa na mtu au imeongeza kijana mmoja. Wazungu waliojaribu kuwagawa wapagazi upya kwa hesabu zao walishangaa kuona watu wazima wakigoma kwa sababu ya chungu. Waliokuwa ndani hawakuona la kushangaza.

Usiku, kama siku haikuwa mbaya mno, palichezwa ngoma. Watu waliokwisha kutembea tangu alfajiri wakiwa na frasila mbili mabegani, yaani zaidi ya kilo thelathini, walipata miguu ya kuchezea. Burton aliona hivyo na hakuelewa. Mimi nadhani jibu ni rahisi: ile ngoma ilikuwa sehemu ya safari, si mapumziko yake.

Njia yenyewe ilikuwa na tabia zake. Kutoka Bagamoyo iliingia Uzaramo, ikapanda milima ya Usagara, ikashuka Mpwapwa, ikafika Ugogo ambako kila jumbe alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na ambako maji yalikuwa na mwenyewe. Baada ya Ugogo ilikuja Mgunda Mkali, nyika ndefu yenye visima vya kubahatisha, iliyolazimu mwendo wa telekeza: kuondoka mchana, kulala bila maji, kuamka na kuendelea. Ng'ambo ya nyika hiyo ilikuwa Tura, mlango wa Unyamwezi, kisha Rubuga, kisha Kigwa, kisha nyumbani. Msafara wa Burton na mwenzake Speke ulichukua zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh. Wanyamwezi peke yao, bila meza wala vitanda vya mabwana, walikwenda kwa muda mfupi zaidi.

Katika njia hii ndipo utani wa makabila ulipopata uwanja mpana. Asili yake ina mabishano. Wapo wanaosema utani huzaliwa na vita: makabila mawili yamepigana, yamepatana, na matusi yamebaki kuwa ukumbusho usiouma. Kwa utani wa Wangoni hoja hiyo ina nguvu. Lakini ukitazama orodha ya watani wa Wanyamwezi upande wa mashariki, Wazaramo, Waluguru, Wazigua, unakuta wenyeji wa nchi walizozipitia wakienda na kurudi. R. E. Moreau, aliyekusanya habari za utani Tanganyika na kuzichapisha katika miaka ya 1940, alikwisha kuona uzito wa safari katika jambo hili. Ndivyo ninavyoona nami. Mtu anayepita kijijini kwako kila mwaka hawezi kubaki mgeni, wala hawezi kuwa ndugu. Lazima apatikane wa namna ya tatu. Huyo ni mtani: unaweza kumnyang'anya kuku wake na asishtaki, unaweza kumwita mchawi mbele ya mkewe, na akifia kwako wewe ndiye utakayemzika, kwa kuwa jamaa zake wako mbali, mwendo wa miezi.

Hili la kuzika halikuwa la mfano tu. Ndui ilifuata misafara, na kuhara, na njaa ya Mgunda Mkali. Njia ilikuwa na mifupa kandokando, na aliyebahatika kufia mahali penye watani alipata angalau kaburi.

Wala nisiipambe njia hiyo kupita kiasi. Katika vumbi lile lile walipita watumwa wenye minyororo shingoni, wakitoka Manyema na pande za maziwa, wakapitia Ujiji na Tabora kuelekea soko la Unguja. Mpagazi huru aliwaona, alilala jirani nao, na baadhi ya Wanyamwezi waliokwisha kutajirika kwa pembe walinunua watumwa wa kulima mashamba yao wakati wao wako safarini. Urafiki wa kambi ulikuwa na mpaka wake, na mtumwa alikuwa nje ya mpaka huo.

Pwani nako kulikuwa na kundi jingine la wakongwe wa njia, waungwana wa Unguja, na kati yao hakuna aliyejulikana kuliko Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akakulia India, akarudi Afrika Mashariki akiwa huru. Alikwenda na Burton na Speke mwaka 1857, akaenda tena na Speke na mpelelezi mwingine, Grant. Mwaka 1871, mpelelezi Henry Stanley alipokuwa Unguja akitafuta watu, aliwafuata hao hao waliosafiri na Speke: Bombay, Mabruki, Uledi na wenzao wachache. Walikuwa wamezeeka kidogo, wakajikuta tena pamoja katika njia ile ile. Stanley aliona Bombay ana pengo la meno ya mbele. Lilitokana na ngumi ya Speke. Pamoja na hayo Bombay alikubali kwenda, na mwaka 1873 alikwenda tena na mpelelezi Cameron, safari hii hadi pwani ya magharibi ya bara. Chama cha jiografia cha London kilimpa pensheni baadaye. Pesa na heshima vilimvuta, bila shaka. Lakini mtu wa umri ule anayerudi Mgunda Mkali mara ya nne, huku akijua vizuri kilichopo huko, na akiwachukua wale wale aliotembea nao zamani, nadhani alikuwa akifuata pia kitu ambacho hakilipwi kwa fedha.

Mambo yalibadilika haraka. Mnywa Sere, aliyemrithi Fundikira, aligombana na Waarabu juu ya ushuru akafukuzwa Unyanyembe. Mwaka 1871 vita vya mtemi Mirambo dhidi ya Waarabu vilifunga njia ya Ujiji. Stanley mwenyewe alijitia ndani ya vita hivyo akakimbia pamoja na Waarabu. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua ndani ya boma lake Januari 1893 badala ya kuingia mikononi mwa Wajerumani. Misafara iliendelea katikati ya yote hayo, mpaka reli. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Treni ilivuka Mgunda Mkali kwa saa chache. Vijana wa Unyamwezi waliendelea kwenda pwani, sasa wakielekea mashamba ya mkonge kwa mkataba, wakiwa na namba badala ya kambi, bila mtongi waliyemchagua wenyewe.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina lililoandikwa ni la njia ya watumwa na pembe za ndovu. Ni jina la haki, lakini limetaja mizigo na kuwasahau wachukuzi. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mgeni huonyeshwa tembe alimokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872, kwanza na Stanley, kisha peke yake hadi Agosti akisubiri wapagazi. Maelezo hapo ni juu ya aliyesubiri. Waliosubiriwa hawana chumba.

Kilichobaki kwao hakihitaji tembe. Mnyamwezi akifa leo Dar es Salaam, mbele ya waombolezaji wenye nguo nadhifu, anaweza kutokea Mzaramo ambaye familia haikumwalika, akaanza kumsema marehemu kwa ubahili wake, akaiga alivyokuwa akitembea, akachukua sufuria ya pilau bila kuomba. Akizidi, huingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akatangaza kwamba hatoki mpaka alipwe. Vijana waliozaliwa mjini hukunja nyuso. Wazee hucheka, hupapasa mifuko, na kuanza kubishana naye juu ya bei.