Wawili Ndani ya Jina Moja

Kwa zaidi ya miaka 25, wanasayansi walimwandika kiumbe ambaye hakuwepo. Aliitwa Methanobacillus omelianskii, kwa heshima ya Mrusi Vasily Omelianski. Mwaka wa 1940, H. A. Barker wa Chuo Kikuu cha California alitangaza kwamba amemtenga. Ukimpa ethanoli, ile pombe iliyo kwenye bia, anatoa methani, gesi ile ile inayochemsha chai kwenye vyoo vya bayogesi pale Kibera.

Viumbe wa aina hii wanaishi mahali pasipo oksijeni: ndani ya matope, tumboni mwa ng'ombe, na kwenye matangi yaliyofungwa ambamo tope la majitaka ya miji huachwa lioze.

Tangu enzi za Robert Koch, sheria ya maabara ilikuwa moja: mtenge kijidudu peke yake ndio umjue. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na bado naikumbuka hiyo sheria.

Sasa, mwaka wa 1967 Marvin Bryant na wenzake kule Illinois wakatoboa siri. Bryant alikuwa amechunguza vijidudu vya tumbo la ng'ombe kwa miaka, kwa hivyo umati haukumshangaza. Kumbe ndani ya chupa walikuwa wawili! Mmoja, waliyemwita S tu, anakula ethanoli na kutoa asidi ya siki na haidrojeni. Wa pili hana haja na ethanoli. Anakula haidrojeni pamoja na kaboni dayoksaidi, na yeye ndiye anayetoa methani. S akiachwa peke yake, haidrojeni yake mwenyewe inajaa na kumzima. Mwenzake akiimaliza, S anaendelea kula. Barker hakudanganya mtu. Hao wawili walikuwa wakipandwa upya, wanahama pamoja.

Ndani ya tangi la majitaka kuna zamu nyingi kama hizo. Wengine wanavunja mafuta na protini, wengine wanatengeneza asidi, na watoa methani wako mwisho wa foleni, tena wanazaana polepole. Lisha tangi kwa pupa uone: asidi inazidi, watoa methani wanazimia, gesi inakata.

Hao wa mwisho ndio walioleta kizaazaa. Mwaka wa 1972, Ralph Wolfe, mmoja wa wale wa 1967, na J. G. Zeikus walitangaza mtoa methani waliyemtoa kwenye tope la majitaka la mji wa Urbana, Illinois. Carl Woese, wa chuo hicho hicho, akasoma RNA yake na kukuta haifanani na ya bakteria. Mwaka wa 1977, yeye na George Fox wakasema hili ni tawi la tatu la uhai. Leo tunaliita arkea. Tawi zima, kutoka kwa choo cha mji! Salvador Luria, mshindi wa Nobel, alimpigia Wolfe simu kumwonya ajitenge na huo upuzi kabla haujamharibia kazi.

Wolfe hakujitenga. Mwaka wa 1979 yule mtoa methani wa chupa ya Barker akapewa jina jipya, Methanobacterium bryantii, kwa heshima ya Bryant. S alibaki S.