Dawa ya Picha Itiayo Doa

Doa ni kitu cha kuondolewa. Ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto, katika nguo na katika daftari. Lakini wako mafundi wa picha nyeusi na nyeupe walitafutao doa kwa bidii, nasi twapenda kueleza sababu yake.

Mwaka 1786 mtaalamu wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliipasha moto asidi itokayo katika vivimbe vya mwaloni, akapata unga mweupe uitwao pirogaloli. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akautumia kusafishia picha za kioo. Kisha, mwaka 1871, Richard Leach Maddox akaonyesha kwamba jelatini yaweza kushika chumvi ya fedha juu ya kioo. Na mafundi wakaichanganya pirogaloli na magadi. Hapo ndipo doa lilipopata makao.

Kazi yake ni hii. Palipopigwa na mwanga, dawa huigeuza chumvi ya fedha kuwa fedha nyeusi, na katika kufanya hivyo dawa yenyewe huharibika. Mabaki yake huganda papo hapo, yakaifanya jelatini kuwa ngumu na kuitia rangi ya manjano au hudhurungi. Penye fedha nyingi doa ni zito; penye fedha kidogo ni hafifu. Basi huwa picha mbili zimelaliana, moja ya fedha, moja ya doa.

Na jicho hudanganyika. Fundi huiinua filamu, akaiona nyepesi, akadhani imemharibikia. Kumbe karatasi ya picha haioni kama sisi: huguswa hasa na mwanga wa buluu, na rangi ya manjano huuzuia mwanga huo. Filamu ile ile hutoa picha kamili, hata mawingu yakaonekana umbo lake.

Chumvi ya salfaiti huzuia dawa isiharibike upesi. Ikizidi, doa hutoweka. Ikipungua mno, doa huenea hata pasipo picha. Kwa hiyo dawa huwekwa katika chupa mbalimbali, zikachanganywa saa ya kazi tu.

Edward Weston wa Marekani (1886–1958) aliishikilia dawa hii wengi walipofuata zilizo rahisi. Tena ni sumu, hupenya ngozi. Mafundi wa zamani walikuwa na kucha nyeusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gordon Hutchings, Mmarekani, alieneza mchanganyiko mpya wa pirogaloli, na watu wakairudia, safari hii wakivaa glavu za mpira.