Unguja Mjini: Muhogo Kabla ya Biriani

Mgeni anayeshuka bandarini Unguja huwa ameshaambiwa, kabla hata ya kufika, kwamba amekuja visiwa vya viungo. Atapelekwa mashambani akanuse karafuu, apasuliwe kungumanga, atafune gome bichi la mdalasini, kisha jioni aketi mgahawani mbele ya sahani ya biriani akiamini kuwa ameionja historia ya mji. Ameionja kweli, ila upande wake wa sebuleni tu. Upande wa jikoni na wa shambani, ambako watu wengi zaidi waliishi, umo kwenye muhogo, na anayetaka kuujua Mji Mkongwe kwa mdomo wake ni bora aanzie hapo.

Karafuu yenyewe ilikuwa mali ya kuuza zaidi kuliko kiungo cha kupikia. Mikarafuu ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati karibu na mwaka 1840, akahimiza ipandwe kwa wingi. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa waliotolewa bara. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu. Katika karne ya 20 mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa ikachanganywa na tumbaku ya sigara. Chunguza sufuria ya pilau: karafuu ni chembe chache, na bizari nyembamba, ambayo pilau bila hiyo si pilau, huletwa kwa meli. Kuna atakayepinga kwamba iliki, mdalasini na pilipili manga hulimwa hapa hapa na hunukia katika kila nyumba siku ya Idi. Ni kweli, na pilau inastahili heshima yake. Lakini Idi haiji kila siku, na mji huu ulikuwa na siku nyingi za kawaida za kulisha watu.

Wali una historia ndefu kuliko karafuu, na ni historia ya daraja. Waakiolojia waliochimba Pemba walikuta kwamba wakazi wa zamani wa Tumbe walitegemea zaidi mawele, na kwamba mpunga uliongezeka sana katika mji wa Chwaka uliofuata baadaye. Ibn Battuta, aliyepita mwambao huu mwaka 1331, alikirimiwa Mogadishu wali wa samli pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe, na yeyote aliyekula karamuni pwani ataitambua sahani hiyo. Kwa karne nyingi wali ulikuwa dalili ya uungwana. Kufikia karne ya 20 Zanzibar ilikuwa inategemea mchele wa kuagizwa, mwingi wake kutoka Burma, na Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 njia hiyo ikafungwa. Serikali ya kikoloni ikaweka mgao wa chakula uliofuata kabila: Waarabu na Wahindi wakahesabiwa kuwa walaji wa mchele, Waafrika wakaelekezwa kwenye mahindi. Watu wa Ng'ambo, mitaa ya kawaida iliyo nje ya Mji Mkongwe, waliokuwa wakipika wali nyumbani mwao miaka yote wakaambiwa na karani kwamba wali si chakula chao. Dhuluma ya namna hiyo haionekani kwenye nakshi za milango ambayo wageni huipiga picha.

Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini na kuingia Afrika kwa njia za Wareno. Unavumilia ardhi ya mawe isiyofaa kwa mpunga, na unaweza kukaa ardhini hadi siku utakapohitajika. Kwa sababu hiyo uliwalisha watumwa wa mashamba ya karafuu, na baada yao wakulima na vibarua, na ukawa kimbilio kila mchele ulipoadimika. Ndani ya Mji Mkongwe kwenyewe, katikati ya majumba ya matajiri, mtaa mmoja unaitwa Sokomuhogo hadi leo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba muhogo unaliwa Kigoma, unaliwa Mtwara, hivyo msafiri hana haja ya kuufuata Unguja. Jibu limo kwenye tui. Muhogo uliochemshwa ukaungwa kwa nazi, ukateremshiwa samaki, au kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa tui zito hadi kinang'aa mafuta, ni mapishi ya watu wanaoishi kati ya minazi na bahari. Mwezi wa Ramadhani futari bila muhogo huonekana ina pengo, hata mezani kwa mwenye nacho. Pingamizi la pili ni zito zaidi: muhogo unakumbusha dhiki, na mgeni hukirimiwa kwa kilicho bora. Adabu hiyo naiheshimu. Ila mji unaojieleza kwa karamu peke yake huwafuta waliozipika na kuzibebea kuni, na hao ndio babu na bibi za wengi wanaoishi humo sasa.

Ndiyo maana chakula cha mjini kinachostahili kusifiwa kuliko vyote ni urojo. Wapo wanaouita chakula cha Kihindi, kwa kuwa bajia na kachori zilikuja na wahamiaji kutoka Gujarat, lakini tazama kilichomo: mchuzi mwepesi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi au ukwaju, viazi, ambavyo asili yake ni Amerika kama muhogo, mishkaki, chatne ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi nyembamba za muhogo zinazovunjika kwa kijiko. Huliwa kwa bei nafuu na mwanafunzi, karani na mfanyabiashara kwenye benchi moja. Ukiletewa bakuli lisilo na muhogo juu yake, omba uongezewe.