Kinoru Hadi New York: Ni Kilomita Ngapi na Utakaa Angani Masaa Mangapi?

Umepata viza, tiketi iko kwa simu, na sasa kila mtu Kinoru anakuuliza utafika majuu saa ngapi. Ukiangalia tiketi haraka unaweza kudhani ni safari ya masaa saba tu. Wacha tupige hesabu.

Umbali

Kutoka JKIA Nairobi hadi JFK New York ni kama kilomita 11,800. Meru hadi Nairobi kupitia Embu ni kama kilomita 225 kwa barabara. Yaani ungepanda mat hiyo mara 52 ndio ufikishe umbali wa hiyo ndege.

Masaa ya angani

Kenya Airways ilianza kwenda New York moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, na Boeing 787 Dreamliner. Kwenda ni kama masaa 15, kurudi kama 14. Umbali ni ule ule, tofauti ni upepo. Huko juu Atlantiki, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, so ukienda unapambana nao, ukirudi unakusukuma.

Ukipitia Dubai, unaenda mashariki kwanza ndio urudi magharibi. Nairobi hadi Dubai ni kama masaa 5, Dubai hadi New York kama 14. Hiyo ni 19 angani, na bado hujahesabu kusota ukingoja ndege ya pili.

Mahali tiketi huchanganya watu

Saa ya kutoka ni ya Nairobi, lakini saa ya kufika ni ya New York. New York iko nyuma yetu kwa masaa 7 kuanzia Machi hadi mapema Novemba, na masaa 8 miezi mingine.

Chukulia ndege inatoka saa tano na nusu usiku, Januari. Utatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya huko. Inakaa masaa saba, lakini Kinoru itakuwa tayari ni saa nane na nusu mchana.

Cheki tarehe pia. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, unafaa kuwa eapoti usiku wa tarehe 14. Ukifika usiku wa tarehe 15, ndege ilienda kitambo, na doh pia.

Utoke Kinoru saa ngapi?

Kwa hiyo ndege ya saa tano na nusu usiku, kuwa JKIA saa mbili na nusu, masaa matatu kabla. Mat huchukua masaa manne hadi matano, na jioni jam ya Nairobi ni noma. Ikizidi sana, toka saa saba mchana. Ukijumlisha yote, kutoka steji ya Meru hadi kutua JFK ni zaidi ya masaa 25.

Sasa mwambie mathe mapema: simu yako itaingia baada ya lunch, si asubuhi. Usipomwambia, saa moja asubuhi ataanza kukupigia, simu imezimwa, na wewe ndio uko nusu ya safari, umelala. Usimtese hivyo.