Arobaini ya Mzazi katika Miji ya Pwani

Katika miji ya pwani, tangu Lamu na Mombasa mpaka Unguja, Bagamoyo na Kilwa, mwanamke aliyejifungua alikuwa na siku arobaini zenye haki zake. Hakupika, hakuteka maji, hakufagia, wala hakutoka nje ya nyumba isipokuwa kwa dharura. Na jamaa zake, hata walio wagumu wa tabia, walijua kuwa kumtuma mzazi kazi ni aibu itakayosemwa mtaa mzima. Ikiwa mimba ilikuwa ya kwanza, alirudishwa kwao ilipokaribia miezi saba, ili uchungu umkute mikononi mwa mama yake.

Sheria ya dini iliipa desturi hii nguvu kubwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waswahili wengi, wameeleza kuwa damu ya nifasi, yaani itokayo baada ya kujifungua, aghalabu hudumu siku arobaini, na kuwa ukomo wake ni siku sitini. Na mwanamke aliye katika nifasi hasali wala hafungi, wala mumewe hamwingilii. Juu ya msingi huo bibi zetu walijenga elimu yao wenyewe ya siha, ambayo naiona kuwa tiba ya kinga iliyo kongwe kuliko zahanati yoyote ya pwani.

Kiini chake kilikuwa kukanda. Asubuhi na jioni mkunga, aghalabu mwanamke mtu mzima aliyeupokea ukunga kwa mama au nyanya yake, alikaa juu ya kibao kando ya mzazi, akachovya kitambaa katika maji ya moto yaliyochemshiwa majani, akakikamua, akaupima moto wake kwa ngozi yake mwenyewe, ndipo akakilaza juu ya tumbo na kulikandamiza taratibu, ili mji wa mimba, ambao siku ya kwanza hupapaswa karibu na kitovu, urudi chini mahali pake. Kisha tumbo lilifungwa kwa kanga, kuanzia nyonga na kupanda juu. Hapo mkunga alizitazama nguo za mzazi, akaangalia damu ilivyo kwa wingi, kwa rangi na kwa harufu. Na damu iliyozidi, au iliyonuka, ilimtia hofu kabla mzazi mwenyewe hajanena neno.

Chakula nacho kilichaguliwa kwa makusudi: uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, bokoboko la ngano na nyama, na supu ya pweza ili maziwa yashuke. Tabibu wa leo ataitia pilipili manga shaka, lakini nyama na pweza hatavikataa, maana aliyetokwa na damu anahitaji kuirudisha. Tena chumba kilifukizwa ubani na udi, na hakikukosa mtu. Mzazi hakuachwa peke yake na mawazo yake, na kwa hivyo huzuni ile inayowashika wanawake wengi baada ya kujifungua ilionekana mapema na macho yaliyomzoea.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa juhudi ya Carl Velten, hakuyaacha mambo ya mimba na uzazi. Na Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyezaliwa Bet il Mtoni, Unguja, mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi mtoto mchanga wa jumba la Sultani alivyofungwa vitambaa toka mabegani mpaka miguuni kwa siku arobaini, akifunguliwa ili aogeshwe. Hesabu ya arobaini ilijulikana kwa wote, bali kuitimiza kulitaka mali na watu. Aliyekuwa na wajakazi alilala arobaini yake kwa sababu wengine walisimama, na sioni haki kuisifu desturi hii bila ya kuwataja waliosimama.

Wala elimu hii haikuweza yote. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alikuwa mgonjwa wa mwaka mzima, na cheo chake hakikumpatia dawa. Mkunga hakuwa na la kufanya mbele ya damu isiyokatika, wala mbele ya kifafa cha mimba. Na mkono wake mwenyewe, usipooshwa, uliweza kuileta homa ya uzazi, jambo ambalo tabibu Semmelweis alilidhihirisha Vienna mwaka 1847 alipowaamrisha matabibu kunawa kwa maji ya klorini. Wembe mchafu juu ya kitovu uliwaua watoto kwa pepopunda. Na katika nyumba nyingine maziwa ya kwanza, yenye kinga bora ya mtoto, yalikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa uchafu.

Kwa hiyo hospitali zilipokuja zilistahili kukaribishwa. Nyumba ya uzazi ya Lady Grigg iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1926 ndiyo hospitali ya Pumwani ya leo, na ni katika mji huo huo mwaka 1987 ulimwengu ulipokutana kujadili uzazi salama. Damu ikapata sindano na akiba ya damu, homa ikapata dawa, na chanjo ya pepopunda ikawekwa katika mkono wa mama kabla hajajifungua.

Lakini mzazi wa leo hulala hospitali usiku mmoja, kisha hurudi katika vyumba viwili vya kupanga, mama yake yuko mbali, mumewe kazini, na ndoo ya nguo inamngoja. Shirika la Afya Duniani linataka akae kituoni saa 24 za kwanza, tena atazamwe siku ya tatu, katika juma la pili na katika juma la sita, ambalo ni siku 42, mbili tu baada ya arobaini. Katika juma la sita mama humpeleka mtoto kliniki; mtoto hupimwa uzito, huchanjwa, huandikiwa kadi. Siku hiyo hiyo ingefaa mama naye aketishwe, apimwe presha na wingi wa damu, aulizwe juu ya usingizi wake na maumivu yake, aelezwe namna ya kupanga uzazi, na apewe jibu la lolote atakalouliza kabla hajambeba mwanawe mgongoni.