Jani Lililoitangulia Simu Laare

Habari za teknolojia katika magazeti yetu karibu zote husimuliwa kwa mtindo mmoja. Kifaa kinafika mahali, watu wanashangaa, kisha maisha yao yanabadilika. Simu ya mkononi ilipofika mashambani, tunaambiwa, mkulima alitoka gizani. M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu, ilipokuja, biashara ikaamka. Na sasa tunaahidiwa kwamba programu za akili unde zitamalizia kazi iliyobaki. Ukiifuatilia historia ya Laare, mji wa miraa ulio kaskazini mwa Maua katika eneo la Igembe Kaskazini nchini Kenya, simulizi hiyo haikai. Biashara ya kasi ilikuwepo katika vilima vya Nyambene, ilipo Laare, miongo mingi kabla ya simu, ikiwa na mikopo yake, madalali wake, ratiba yake na njia zake za kujua nani anaaminika. Simu ilienea huko upesi kwa sababu ilikuta kazi inayoingoja. Na pale ambapo biashara yenyewe ilikuwa na pengo, simu haikuliziba. Naamini mambo haya mawili yanatufundisha zaidi kuhusu vifaa kuliko matangazo yote ya wauzaji.

Tuanze na jani, maana ndilo lililoweka saa. Miraa hutafunwa mbichi. Kinachotafutwa katika vitawi vyake ni kathinoni, kemikali ambayo maabara ya Umoja wa Mataifa iliitambua mwaka 1975. Kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wakiijua kathini, ambayo ni dhaifu zaidi, na walishindwa kueleza kwa nini walaji wa miraa walikuwa wakidai kwa ukali kwamba iliyolala si miraa tena. Walaji walikuwa sahihi. Kitawi kikichumwa na kuanza kunyauka, kathinoni huanza kugeuka na kupungua nguvu, na baada ya siku mbili hivi mtafunaji mzoefu anaitambua tofauti mdomoni. Majani ya mgomba yanayofungiwa vibunda huhifadhi unyevu na kuchelewesha kunyauka, lakini hayasimamishi saa. Kahawa iliyokaushwa inaweza kumngoja mnunuzi ghalani kwa miezi. Miraa ikikosa mnunuzi leo na kesho, kesho kutwa ni takataka. Kila kitu katika uchumi wa Laare kimezaliwa na muda huo mfupi.

Watafiti wawili waliofanya kazi katika eneo hilo, Paul Goldsmith katika tasnifu yake ya mwaka 1994 na Neil Carrier katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, wameeleza jinsi watu wa Nyambene walivyoushinda umbali bila mashine yoyote ya ajabu. Vitawi huchumwa asubuhi, hupangwa kwa ubora, hufungwa vibunda, hutiwa magunia, na pikapu huondoka kwa mwendo unaojulikana nchi nzima, zikishuka kupitia Meru, Chuka na Embu kuelekea Nairobi, safari ya takriban kilomita 300. Huko mtaa wa Eastleigh hungoja. Sehemu ya mzigo hupandishwa ndege kwenda Somalia, na kwa miaka mingi sehemu nyingine ilikwenda London na Amsterdam. Fedha zilirudi baadaye, kwa mkono wa dereva, kwa jamaa, au kwa hawala ya wafanyabiashara Wasomali. Yaani bidhaa inayooza kwa siku mbili ilitolewa kwa mkopo kwa mtu aliye nchi nyingine, na malipo yakaja. Mfumo wa namna hiyo haujengwi na kifaa. Unajengwa na watu wanaojuana kwa ukoo, kwa rika na kwa historia ya kulipana, na unalindwa na ukweli kwamba anayedhulumu leo hapati gunia kesho.

Pengo lililokuwepo lilikuwa moja, nalo lilikuwa kubwa: habari hazikuweza kulitangulia gunia. Maagizo yalisafiri kwa pikapu ileile iliyobeba mzigo, na jibu likarudi nayo. Soko likijaa Nairobi, mchumaji wa Laare aliarifiwa baada ya kuchuma. Mvua ikinyesha na vitawi vikachipuka kwa wingi, kila shamba lilipeleka, na bei ikaanguka kabla ya yeyote kuweza kupunguza. Simu za mezani zilikuwa chache na hazikutegemewa. Kwa biashara iliyokuwa na kila kitu isipokuwa mjumbe mwenye kasi kuliko gari, simu ya mkononi ilikuwa jibu la swali lililokwisha kuulizwa kwa muda mrefu.

Jibu hilo lilichelewa kwa sababu za kisera. Shirika la Posta na Simu lilianza kuuza simu za mkononi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kifaa kimoja kwa takriban shilingi 250,000, kwa hiyo kilikuwa pambo la mawaziri na matajiri wa Nairobi. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1998 ililivunja shirika hilo, na hadi mwaka 1999 Kenya nzima ilikuwa bado na wateja wa simu za mkononi wasiofika 20,000. Mwaka 2000 zikaingia kampuni mbili, KenCell na Safaricom. KenCell ilitoza kwa dakika na kumwangalia mteja mwenye mfuko mzito. Safaricom ilitoza kwa sekunde. Mtu anayetaka kusema tu kwamba leo apelekewe magunia mawili badala ya matano hahitaji dakika nzima, na naona uamuzi huo wa kuhesabu sekunde ulifanya kazi kubwa zaidi mashambani kuliko ubora wa mtandao wenyewe. Na aliyekosa hata kredi ya sekunde hizo aliflashi: alipiga, akakata, na mwenzake aliyejua maana ya mlio huo akapiga. Hakuna mhandisi aliyeibuni njia hiyo. Ilitoka kwa watu waliokuwa na makubaliano kabla ya kuwa na fedha. Kufikia mwisho wa mwaka 2007 wateja nchini walikuwa wamepita milioni 10.

Vifaa vyenyewe vilifuata mkondo huohuo. Simu iliyonunuliwa kuliko zote katika historia si ile yenye kioo cha kung'aa. Ni Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilikuwa na vibonye visivyoingiza vumbi, betri ya siku kadhaa na tochi, na simu za aina hiyo ndizo Wakenya walizoziita mulika mwizi. Baadaye kampuni ya Transsion ya Shenzhen nchini China, inayotengeneza Tecno na Itel, ilijikita barani Afrika kwa kuuza simu za laini mbili, kwa kuwa iliona watu wakibeba simu mbili au wakibadilisha laini ili kukwepa gharama ya kupiga mtandao mwingine. Wachambuzi wa vifaa wanaopima simu kwa idadi ya kamera wangeziweka zote hizo mkiani. Kipimo chao kina makosa. Kwa mtu anayeamka alfajiri kwenda kuchuma, mbali na umeme, betri na tochi ndiyo teknolojia ya juu. Ndiyo maana agizo la serikali la kuzima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, lililozikata simu zipatazo milioni 1.9, liliwaumiza zaidi walionunua simu kwa bei walizoziweza, ingawa sababu za kiusalama zilizotolewa zilikuwa na uzito.

Atakayenipinga atauliza: na M-Pesa je? Hapo, atasema, kampuni iliumba kitu ambacho mila na uaminifu visingekiumba kamwe. Pingamizi hili ni zito, na sehemu yake nalikubali bila kusita. Fedha za miraa zilikuwa zikirudi barabarani zikiwa noti, na uaminifu wa ukoo haumzuii jambazi. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mlipaji wa Nairobi aliweza kumlipa mtu wa Laare jioni ileile bila noti kupita mikononi mwa watu watano, na hata mwanamke anayepanga vibunda aliweza kulipwa chake moja kwa moja. Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa familia 194,000 za Kenya katika umaskini. Lakini tuangalie ilivyozaliwa. Majaribio ya mwaka 2005 yaliyofanywa Nairobi na Thika kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa vikundi kulipa mikopo yao. Watu walipokipata chombo walikitumia kutumiana fedha, kulipana kwa biashara na kuzihifadhi fedha kabla ya safari. Wabunifu waliona, wakabadilisha mpango, na bidhaa iliyofika sokoni ikawa ile iliyoelekezwa na watumiaji. Sifa ya kusikiliza ni yao, na ni sifa kubwa. Ila shauri lenyewe lilitoka kwa watu ambao tayari walikuwa wakitumiana fedha kwa njia ngumu.

Pingamizi la pili linatoka mbali, Kerala nchini India. Robert Jensen alionyesha mwaka 2007 kwamba wavuvi wa huko walipopata simu, tofauti za bei ya samaki kati ya pwani moja na nyingine zilishuka sana, na samaki wa kutupwa wakakoma karibu kabisa. Samaki huoza kama miraa inavyonyauka. Kwa nini basi tusiseme simu ndiyo iliyofanya yote? Kwa sababu mvuvi wa Kerala alikuwa na mashua, na pwani kadhaa zenye minada ya wazi zilikuwa karibu. Simu ilimwambia aelekeze mashua wapi, naye alikuwa na uwezo wa kwenda. Mkulima mdogo wa Laare mwenye miti michache hana pikapu, na gunia lake halijai kwa mavuno yake pekee. Akisikia kwamba bei ya Eastleigh imepanda, habari hiyo inamsaidia kubishana na dalali, haimpeleki Eastleigh. Ni msaada, nisiudharau, lakini ni mdogo kuliko wa Kerala, na tofauti yake haitokani na simu.

Hapa ndipo ahadi nyingi za programu zilipokwama. Mwaka 2010 vijana wa Nairobi walianzisha M-Farm, huduma iliyompa mkulima bei za masoko kwa ujumbe mfupi na kumsaidia kuuza kwa pamoja na wenzake, kwa matumaini ya kupunguza nguvu za madalali. Nia ilikuwa njema na kazi ilisifiwa hadi ng'ambo. Madalali bado wapo. Wengi wanaeleza hili kwa kusema kwamba wakulima hawakuelimishwa vya kutosha, na sikubaliani nao. Dalali wa miraa anafanya kazi ambayo ujumbe wa bei hauwezi kuifanya: anashika kitawi, anatazama rangi na urefu, anajua kimetoka kwenye mti wa zamani au mchanga, anakusanya mafungu ya mashamba kumi, anabeba hasara pikapu ikiharibika njiani, na mara nyingine anamkopesha mkulima karo ya shule. Anaweza kumpunja pia, na wengi hupunja. Lakini huwezi kumwondoa kwa kutangaza bei moja ya kilo wakati hakuna makubaliano ya maandishi kuhusu kilo hiyo ni ya miraa gani.

Mipaka ya simu ilionekana wazi zaidi masoko yalipofungwa. Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwanzoni mwa 2013. Uingereza, iliyokuwa ikiingiza tani zipatazo 2,500 kwa mwaka, iliifuata tarehe 24 Juni 2014, ingawa baraza lake la ushauri kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limependekeza isipigwe marufuku. Machi 2020 Somalia nayo ikasimamisha shehena kwa sababu ya korona, na ugomvi wa kidiplomasia kati yake na Kenya ukaendeleza marufuku hayo hadi Julai 2022. Katika kila tukio Nyambene ilikuwa na simu, mtandao na M-Pesa. Habari zilifika papo hapo, wanunuzi hawakufika. Anayedai kwamba teknolojia ya mawasiliano humpa mkulima soko anapaswa kuieleza miaka hiyo miwili na zaidi ya Somalia, ambapo mkulima alikuwa na kila nambari aliyoihitaji na hakuwa na ndege.

Mlango wa Mogadishu ulipofunguliwa tena, shehena zilirejea kwa haraka, kwa kuwa wachumaji, wafungaji, madereva na wapokeaji walikuwa hawajasahauliana. Pamoja nazo yalirejea malalamiko kwamba watu wachache wameushika mlango huo na kumwachia mkulima makombo. Kanuni za miraa zilizotolewa mwaka 2023 chini ya Sheria ya Mazao zinataka wanunuzi na wasafirishaji wasajiliwe na miraa iuzwe kwa viwango vya ubora. Kazi hiyo ni ya polepole, ya mizani, vibanda vya kukagulia na majina katika daftari, na haipigiwi picha kama uzinduzi wa programu mpya. Hata hivyo ndiyo inayoweza kuipa simu ya mkulima kitu cha kubeba: bei ya daraja fulani, kutoka kwa mnunuzi anayejulikana, ambayo mkulima aliyesimama mbele ya gunia lake Laare anaweza kuidai.