Historia Fupi ya Kitenzi "Tambaa"

Miongoni mwa vitenzi vya mwendo, "tambaa" hutumiwa sana na wafasiri, wala si mara zote mahali pake. Wengi hudhani kwamba maana yake ya asili ni kwenda polepole. Historia ya neno lenyewe yaonyesha vingine.

Edward Steere aliliorodhesha katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotolewa mwaka 1870, na Ludwig Krapf akaliingiza katika kamusi yake iliyochapwa London mwaka 1882. Lakini ushahidi ulio bora zaidi umo katika matumizi ya wenye lugha. Mafundi wa pwani huuita mti ulalao juu ya ukuta na kupokea paa "mtambaapanya". Panya juu ya mti huo haendi pole, hukimbia; ila mwili wake haubanduki na mti. Maboga na viazi vitamu hutambaa kwa kuwa vimelala juu ya ardhi. Mtoto naye hutambaa kwa tumbo, au kwa mikono na magoti, hata akiwa mwepesi wa kulifikia jiko la moto kabla ya mamaye. Basi kiini cha maana ni mwili kushikamana na uso wa kitu. Kwenda pole ni jambo liandamanalo tu.

Mwendo wa taratibu una vitenzi vyake. Aendaye kwa matako husota, mzee au mgonjwa hujikongoja, na aliyechoka hujikokota.

Tofauti hii si ya anasa. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba kutambaa ni kwenda pole atashangaa kuambiwa kwamba koboko, nyoka mwenye mbio kuliko wengi, ni mtambaazi. Vilevile, asomaye katika taarifa ya ofisi kwamba "mradi unatambaa" hajui kama mradi umeanza kwa udogo, unaenea, au umekwama. Mwandishi na aseme "unasuasua" ikiwa ndivyo.

Kwa upande mwingine, waliochagua "tambaza" kwa kazi ya mashine ipitayo juu ya waraka na kuunakili hawakukosea, ijapokuwa mashine hiyo ina kasi. Walirudi kwenye maana ile ile ya mtambaapanya. Kabla ya kulipa neno la zamani kazi mpya, yatupasa kwanza kuuliza lilikuwa likifanya kazi gani.